Kukagua njia ya msituni iliyosahaulika: simu, mwenyeji au ramani ya karatasi?

Viongozi wa makundi ya haiki Nairobi wanalijua tatizo hili. Ngong wameshaenda, Longonot wameshaenda, na wanachama wanauliza kama kuna kipya. Kiongozi anafungua ramani kwenye simu, anaona kimstari chembamba kinachokata msitu kutoka kituo fulani hadi kwenye mgongo wa mlima, na hakuna anayemjua aliyewahi kukipita. Au anasikia kwa wenyeji kwamba njia ilikuwepo, magogo yalikuwa yakivutwa hapo, siku hizi ni vichaka tu. Kabla ya kukusanya nauli za watu, lazima wachache watangulie wakaone kwa miguu yao.

Safari hiyo ya kutangulia si ya kupanda mlima. Anayepanda anatafuta kilele, anayekagua anatafuta jibu: je, watu ishirini wenye uwezo tofauti wanaweza kupita hapa, kwa saa ngapi, na ni wapi watakwama? Ukirudi saa nane mchana na jibu kwamba njia imekufa kilomita ya tatu, kazi imefanyika. Ndiyo maana hapa chini nalinganisha kila kitu kwa kipimo hicho kimoja, yaani ni uchaguzi upi utakaokupa jibu la kuaminika kwa siku moja.

Nani au nini kikuongoze

Simu ndiyo ya kwanza kwa sababu kila mtu anayo. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hutumia ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, nazo hufanya kazi bila mtandao mradi umepakua ramani ukiwa nyumbani. Watu wengi hudhani GPS inahitaji bando. Haihitaji. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, hata ukiiweka kwenye hali ya ndege, na ni vyema uiweke hivyo, kwa sababu bondeni simu hujichosha ikitafuta mnara wa mtandao na betri huisha kabla ya chakula cha mchana.

Udhaifu wa simu ni wa aina mbili. Wa kwanza, kimstari kwenye ramani hakikuambii umri wake. Huenda aliyekichora alipita miaka kumi iliyopita, wakati trekta zilikuwa bado zinaingia. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, barabara nyingi za kuvutia magogo zilikosa wa kuzipita, lakini kwenye ramani zimebaki zilezile. Wikiloc, programu ambayo watembeaji huweka rekodi za njia walizopita, ni afadhali kidogo kwa kuwa rekodi hizo zina tarehe, ila nayo inabeba makosa ya aliyerekodi: alipopotea, mstari wake nao umepotea, na wewe utamfuata kwenye korongo lilelile.

Udhaifu wa pili ni miti yenyewe. Chini ya majani mazito, hasa yakiwa yamelowa, na ndani ya mabonde yenye kuta ndefu, mawimbi ya setilaiti hufika yakiwa dhaifu au baada ya kugonga vitu vingine. Ile doa ya bluu huanza kurukaruka. Kwenye uwanda wazi, kosa la mita ishirini halina maana. Kwenye mteremko wa Aberdare mita ishirini ni mgongo mwingine kabisa, wenye mto katikati. Ukitaka kujua simu yako inadanganya kiasi gani, ipeleke msitu wa Karura, hapa Nairobi, kwanza. Makutano ya njia kule yamewekewa namba, kwa hiyo unaweza kusimama kwenye kibao chini ya miti na kulinganisha unachokiona na simu inachodai.

Mwenyeji ni habari tofauti. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua mlango kwa vyama vya jamii zinazoishi kando ya misitu, ambavyo wengi tunavijua kwa herufi tatu tu, CFA, na sheria ya 2016 ikaviendeleza. Vingi vina maskauti wanaozunguka msituni pamoja na askari wa KFS, shirika la serikali linalosimamia misitu. Ukiacha hao, wapo wafuga nyuki, wachungaji na akina mama wanaookota kuni kwa kibali. Watu hawa wanajua kilichotokea wiki iliyopita: daraja la magogo limesombwa, ndovu wamehamia upande huu, mzee fulani amezungushia shamba lake waya pale njia ilipokuwa ikitokea. Hakuna setilaiti inayokupa hayo.

Lakini mwenyeji naye ana kasoro zake, na anayemsifu bila kuzitaja hajatembea naye. Kubwa ni saa. Kwake ni "hapo tu mbele", na hapo tu mbele ni saa mbili za kundi lako. Hadanganyi, anapima kwa mguu wake. Kasoro nyingine ni heshima: ukimuuliza kama njia ni nzuri atasema ni nzuri, maana umesafiri kutoka mjini na hataki kukuvunja moyo. Muulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. "Mzee, wewe mwenyewe ulipita lini mara ya mwisho? Ulikuwa na nani? Mlivuka mto mara ngapi? Nikija na mama wa miaka sitini, atasumbuka wapi?" Hapo ndipo utasikia kwamba alipita akiwa kijana wa shule. Malipo mpatane kabla ya kuanza, pamoja na chakula chake na nauli ya kurudi ikiwa mtatokea upande mwingine.

Ya tatu ni ramani ya karatasi. Idara ya Upimaji wa Ardhi ina karatasi za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja ya ardhini. Njia zilizochorwa humo nyingi ni za zamani na zisikushughulishe. Kinachobaki kweli ni umbo la ardhi: mito, migongo, na mistari ya mwinuko inayokuambia wapi patakuwa pa kushika mizizi kwa mikono. Dira nayo hutumika kwa urahisi maeneo ya Nairobi, kwa kuwa tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya ramani huku ni ndogo kiasi kwamba mtembea kwa miguu anaweza kuipuuza. Shida ya karatasi huja ukiingia kwenye mianzi. Huoni kilima, huoni bonde, huna cha kulinganisha na ulichoshika mkononi.

| | Simu na rekodi | Mwenyeji | Karatasi na dira |
|---|---|---|---|
| Inajua hali ya wiki hii | Hapana | Ndiyo | Hapana |
| Chini ya miti mizito | Huyumba | Hana shida | Ngumu kusoma |
| Makadirio ya muda | Ya aliyerekodi | Ya mguu wake | Unahesabu mwenyewe |
| Ukirudi unabaki na nini | Mstari na alama | Maneno na uhusiano | Ulichoandika |
| Kinachoiangusha | Betri, baridi, maji | Aibu ya kusema "sijui" | Ukungu, mianzi |

Kwa uamuzi wangu, mwenyeji atangulie, simu irekodi ikiwa mfukoni, na karatasi uisome usiku wa kuamkia safari ili ujue mtavuka mito mingapi. Usimwonyeshe mwenyeji mstari wa simu kila hatua mia. Atachoka nawe, kisha ataanza kufuata simu yako badala ya kumbukumbu yake, nawe utakuwa umelipa mtu wa kukusindikiza tu. Pesa zikitosha kwa kimoja, lipa mwenyeji.

Njia ya watu au njia ya wanyama?

Hata ukiwa na mwenyeji, ujifunze kusoma mwenyewe, maana hapa ndipo wengi hupotezwa. Njia iliyofunikwa haijafutika, imefichwa. Kwenye mteremko, watu waliochimba njia waliacha ngazi bapa ubavuni mwa kilima, na ngazi hiyo hubaki hata nyasi zikifika kifuani. Mguu utaijua kabla ya jicho: udongo uliokanyagwa miaka mingi ni mgumu, wa pembeni unabonyea. Tazama pia miti. Mahali palipokuwa barabara ya magogo utaona mstari wa vichaka na miti midogo ya umri mmoja, ukiwa umebanwa kati ya miti mikubwa pande mbili. Tafuta matawi yaliyokatwa. Panga huacha mkato wa mshazari, safi. Tawi lililovunjwa na mnyama huwa na nyuzi na maganda yanayoning'inia. Mkato mweupe ni wa juzi, wa kijivu ni wa miaka.

Njia ya nyati ni kinyume chake. Chini ni safi kabisa, pamekanyagwa vizuri, lakini juu ya kiuno matawi yamefungana, na utajikuta unatembea umeinama kama uliyeingia kwenye handaki. Ukiona hivyo usiendelee. Uko kwenye ukumbi wa mwenye nyumba na hujabisha hodi. Ya ndovu hudanganya zaidi kwa sababu ni pana, ya kupendeza, na hupanda kilima kwa utaratibu kuliko barabara nyingi za kaunti. Tatizo ni kwamba inakwenda anakotaka ndovu, kwenye maji au chumvi, si kwenye kilele chako. Kinyesi kibichi chenye kung'aa, au tope lililotoka kurushwa kwenye shina la mti, ni sababu tosha ya kugeuza siku hiyo bila mjadala.

Enda-rudi au pita moja kwa moja

Kupita moja kwa moja kunavutia. Mnaingia upande mmoja, mnatokea mwingine, mnaona njia nzima. Lakini kwa ukaguzi wa kwanza mimi nashikilia enda-rudi. Mkipita moja kwa moja, kila saa inayopita inawafungia mlango wa nyuma, na mkifika saa tisa mkakuta bonde lisilopitika hamna uamuzi mzuri uliobaki. Mkienda na kurudi, sehemu ngumu mnaipita mara mbili, na kurudi ndiko kunakoonyesha makutano ambayo hamkuyaona mlipokuwa mkienda. Kila panda ya njia inaonekana tofauti ukitoka upande wa pili.

Kuhusu saa, kuna kanuni ya kale ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya njia wazi. Kwenye vichaka, kilomita moja kwa saa ni mwendo wa kuridhisha. Huku tulipo karibu na ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza haliji polepole. Kwa hiyo mkianza saa moja asubuhi, wekeni saa sita kuwa ya kugeuka, popote mlipo, hata kilele kikiwa kinaonekana. Hasa kikiwa kinaonekana.

Kuanza juu kushuka chini, kama kuna barabara inayofika juu, si wazo baya kwa kuona migongo ilivyokaa. Ila mkichoka mtakuwa mnapanda.

Watu wangapi

Mmoja peke yake, hapana. Wawili ni wepesi lakini mmoja akiteguka mguu, mwingine ana kazi mbili. Wanne ni idadi ninayoipenda: mmoja akiumia, mmoja hubaki naye, wawili wanakwenda kutafuta msaada. Zaidi ya sita mnaanza kukagua njia mliyoikanyaga ninyi wenyewe, na mkiripoti kwamba inapitika mtakuwa mnaripoti viatu vyenu.

Ningependa mmoja kati ya hao wanne awe mwanachama wa kawaida, si mwanariadha. Viongozi wenye mapafu ya Iten hawajui njia ni ngumu kiasi gani.

Majina yenu yabaki kituo cha misitu mlikoingilia, na mtu mjini ajue saa ya kugeuka na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199, lakini bondeni hakuna mtandao wa kuzipiga. Mtu wa mjini ndiye namba yenu ya kweli.

Panga, mkasi au fimbo

Swali hili huzua ubishi kuliko mengine. Panga hufungua njia haraka, hakuna anayebisha. Lakini kukata mimea kwenye msitu wa serikali bila idhini ni kosa kisheria, na katika mbuga chini ya KWS, shirika la wanyamapori, ndiyo usithubutu kabisa. Tena askari wa msitu akikutana na watu wanne wa mjini wenye mapanga haulizi kwanza kama ni wanahaiki. Kuna na sababu nyingine isiyosemwa: ukikata, umebadilisha unachokikagua. Kundi litakapokuja baada ya miezi miwili litakuta machipukizi yamerudi kwa hasira, na ripoti yako haifanani na walichokiona. Kama kuna haja ya kukata, ashike panga skauti aliyeruhusiwa na kituo.

Mkasi wa kupogolea hauna vishindo, na kwa miiba inayoning'inia usawa wa macho unatosha, ukiwa na idhini. Ila kitu kinachofanya kazi siku nzima ni fimbo ndefu. Inasukuma thabai, ile mimea inayowasha, pembeni, inapima shimo lililofichwa na nyasi, na inampa nyoka kama moma nafasi ya kuondoka kabla hujamkanyaga. Ongeza glavu za ngozi, suruali nzito na shati la mikono mirefu. Kaptura ni ya Karura.

Viatu: wenyeji wa Njabini huvaa gambuti na wana sababu. Kwenye matope ya mianzi na kwenye thabai hakuna kiatu cha dukani kinachozishinda. Shida yake ni kifundo cha mguu, ambacho hakishikwi, na malengelenge baada ya saa nne. Kwa ukaguzi mfupi wenye maji mengi, gambuti na soksi mbili. Kwa siku nzima yenye mawe, viatu vya haiki na ukubali kulowa.

Kuweka alama, chagua utepe wenye rangi kali kwenye kila panda ya njia, uufungue mnaporudi. Kuchuna gome la mti ni uharibifu, na mti hauponi kwa ajili ya safari yako.

Msimu

Januari na Februari nyasi zimelala, mito iko chini, na njia huonekana kirahisi. Juni, baada ya mvua za masika, kila kitu kimeota na ukungu umekaa milimani. Wengi huchagua Februari kwa sababu ni rahisi, kisha wanapeleka kundi Juni. Hapo ukaguzi hauna maana. Kagua katika hali ileile utakayopelekea watu, wiki mbili au tatu kabla, au kama huna budi kuchagua mara moja tu, kagua wakati mbaya. Njia iliyopitika Juni itapitika Februari.

Uanzie wapi

Ngong, kwenye mteremko nje ya njia kuu ya mgongoni, ni shule nzuri. Ni wazi, kilele cha Lamwia chenye mita 2,460 na mitambo ya upepo vinakuonyesha ulipo, na matatu ya 111 inakufikisha mji wa Ngong. Wasiwasi wa Ngong ni wa watu zaidi kuliko vichaka, kwa hiyo omba askari wa KFS getini hata kama njia unaiona mwanzo hadi mwisho.

Kereita, huko Lari, ni hatua ya pili na ndiyo ningempa kiongozi anayeanza kukagua kwa dhati. Kuna misitu ya kupandwa na ya asili imekaa pamoja, barabara za zamani za magogo, na kituo cha misitu cha kuanzia mazungumzo. Ndovu wapo, kwa hiyo skauti si hiari.

Njabini, upande wa Kinangop Kusini, inakotokea njia ya Elephant Hill, ni ya waliozoea. Njia kuu inatumika, lakini ukitoka kando yake unaingia kwenye mianzi ambamo mita mia moja zinaweza kula nusu saa, na juu yake kuna baridi ya zaidi ya mita 3,000. Betri ya simu itaihisi baridi hiyo kabla yako. Usiende huko bila kuwa umekagua pengine kwanza.

Kilimambogo uiondoe kwenye orodha ya kukagua wenyewe. Ni mbuga ya taifa tangu 1967, nyati wamejaa kwenye vichaka, na kuna barabara inayofika hadi juu, mita 2,145. Nenda na askari wa KWS, fuata anakokuelekeza, na usimwombe akupeleke kwenye kimstari ulichokiona kwenye simu. Longonot nayo haina cha kukagua. Njia yake imekanyagwa hadi ikawa mtaro, na tatizo lake ni vumbi.